Bonge Ndani ya Tyubu, Bonge Ndani ya Mshipa: Kisa cha Mkulima wa Mwani wa Pemba

Kisa hiki ni cha mwanamke wa makamo, mkulima wa mwani wa wilaya ya Micheweni, Pemba, aliyelazwa kwa homa kali ambayo kwa siku kadhaa ilikuwa imepewa jina lisilo lake. Baadhi ya maelezo yamebadilishwa ili asitambulike, na vituo alivyopitia havitatajwa. Mimi nilikuwa upande wa maabara, na ndiyo maana nitakitazama kisa hiki zaidi kutoka mezani petu kuliko kitandani kwa mgonjwa. Majaribio mawili madogo, ambayo sisi wa maabara huyafanya mara kwa mara mpaka mikono ikayazoea, yalikuwa yameshatuonesha ndani ya saa chache jinsi bakteria walivyoushikilia ukuta wa mshipa wake. Tuliyasoma kama jina la bakteria, wala hatukuyasoma kama maelezo ya ugonjwa.

Kisa chenyewe

Siku ya bamvua, maji yalipokupwa sana na kina mama wakashuka pwani kufunga mwani, mgonjwa alikanyaga kipande cha kigingi kilichovunjika, nacho kikamchoma chini ya kidole cha mguu. Alikitoa, akaosha jeraha kwa maji ya bahari, akalifunga kitambaa na kuendelea na kazi. Siku ya tano jeraha lilikuwa limetunga usaha, na usiku wake akashikwa na baridi ya kutetemeka mpaka meno yakagongana. Kituo alichokwenda kwanza kilimpima malaria, hakikuiona, kikampima damu kwa jaribio la Widal na kumwambia ana taifodi. Aliwekewa kanula, yaani kijibomba cha plastiki cha kupitishia dawa mshipani, kwenye mkono wa kushoto, akachomwa antibiotiki ya seftriaksoni gramu 1 kwa siku kwa siku 3. Homa ilishuka siku ya pili. Alirudi nyumbani na kanula ikiwa bado mkononi, kwa kuwa aliambiwa huenda ikahitajika tena, na siku 2 baada ya sindano ya mwisho baridi ile ikarudi.

Alipofika kwetu joto lilikuwa 39.4, mapigo ya moyo 124 kwa dakika, na shinikizo la damu 96 kwa 58. Jeraha la mguu lilikuwa linakauka, limebaki kigaga tu. Mkono ndio uliotushughulisha: mahali pa kanula palikuwa pekundu, na kutoka hapo kwenda juu kuelekea kwenye kiwiko mshipa ulikuwa mgumu kama kamba chini ya ngozi, ukiguswa tu mgonjwa huuvuta mkono wake. Kanula ilitolewa saa ile ile, na nyuma yake likafuata tone la usaha.

Hapa naona ni haki kumtetea kidogo aliyeandika taifodi. Malaria Zanzibar imeshuka hadi chini ya asilimia 1, kwa hiyo mganga anayeona homa kali na kipimo cha malaria kisichoonesha kitu anatafuta jina jengine, na jina hilo Pemba lina sababu yake: utafiti wa kuotesha damu, yaani kuitia kwenye chupa ya chakula cha bakteria ili waliomo waote, uliofanyika kisiwani 2009 na 2010 ulikuta kwamba bakteria wa homa ya matumbo ndiye aliyeongoza miongoni mwa waliopatikana katika damu. Ubaya ni kipimo. Widal, ambacho kina asili yake mwaka 1896, kinatafuta kingamwili tu, na mtu aliyekulia mahali penye ugonjwa huo anaweza kuwa nazo kwa sababu ya maambukizo ya zamani. Damu haikuoteshwa kabla ya sindano ya kwanza, na hilo ndilo kosa lililotugharimu zaidi.

Mezani

Tulichukua damu mara 2 kutoka sehemu 2 tofauti za mwili, mililita 10 kwa kila chupa. Zote mbili ziliota kabla ya saa 14 kupita. Kasi hiyo peke yake inasema jambo, kwani bakteria wakiwa wengi na chanzo chao kikiwa ndani ya mshipa wenyewe, chupa haingoji kesho kutwa. Kwa rangi ya Gram tuliona viduara vya zambarau vilivyorundikana kama kichala cha zabibu, na umbo hilo ndilo lililomfanya daktari wa upasuaji Alexander Ogston wa Aberdeen, katika miaka ya 1880, awaite stafilokoka.

Kisha tukafanya jaribio la kigae. Unaweka tone la maji ya chumvi juu ya kioo, unakoroga ndani yake bakteria kidogo, unaongeza tone la plazma, yaani maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake. Kabla ya sekunde 10, uji ule laini ulikatika ukawa chengachenga nyeupe. Baada ya hapo likaja jaribio la tyubu: plazma nusu mililita, bakteria, joto la nyuzi 37, na kungoja saa 4. Tyubu ilipoinamishwa, plazma haikumwagika. Ilikuwa imeganda mithili ya faluda. Tukaandika Staphylococcus aureus. Kisahani cha sefoksitini, yaani kidonge chembamba chenye dawa kinachowekwa juu ya bakteria ili kuona kama kitawazuia kuota, kilionesha kwamba kloksasilini, dawa ya jamii ya penisilini, itafanya kazi, na wodini wakaianza, gramu 2 kila baada ya saa 4.

Tyubu ile ilisahauliwa kwenye kishikio chake usiku kucha. Asubuhi niliikuta maji matupu. Kila fundi wa maabara hufundishwa kwamba bonge la stafilokoka lisomwe saa ya 4, kwa sababu baadhi yao hutoa kimeng'enya kinachoitwa stafilokinesi, ambacho huliyeyusha bonge walilolitengeneza wenyewe. Sisi tunalichukua somo hilo kama tahadhari ya kusoma jibu kwa wakati. Sikulifikiria zaidi, mpaka siku ya 3 ya matibabu, mgonjwa alipoanza kulalamika maumivu mapya ya mgongo na damu yake ikaota tena.

Kamba na mkondo

Bakteria huyu ana upana wa takriban mikroni 1, wakati chembe nyekundu ya damu ina mikroni 7 hadi 8. Kitu kidogo namna hiyo, kikiwa ndani ya damu inayokwenda, kilitarajiwa kupelekwa tu na mkondo mpaka kimezwe na chembe za kinga kwenye ini au wengu. Wengi huishia hivyo hivyo. Ukuta wa mshipa ulio mzima nao hauwapokei: seli zinazoutandika kwa ndani zimefunikwa na utando wa sukari na protini, mwembamba lakini wenye nywelenywele zinazozuia kitu kisifike kwenye seli. Rudolf Virchow alipoandika mwaka 1856 juu ya kuganda kwa damu ndani ya mishipa, mambo yaliyokuja kuunganishwa na jina lake yalikuwa matatu, nayo ni ukuta, mwendo wa damu, na damu yenyewe. Katika mkono wa mgonjwa wetu yote matatu yalikuwa yameharibika mahali pamoja. Kanula ilikuwa imeukwaruza ukuta, imeupunguza mwendo, na damu tayari ilikuwa na bakteria na joto la uvimbe.

Plastiki ya kanula haikai uchi ndani ya damu. Ndani ya muda mfupi hupakwa protini za damu yenyewe, zikiwemo faibrinojeni na faibronektini, na hizo hizo ndizo zinazoziba ukuta uliochubuka. Stafilokoka haoni plastiki wala haoni nyama, anaona faibrinojeni. Juu ya ganda lake ana protini iitwayo kishikizi A, ambayo ina mfereji wa kuingizia mkia wa faibrinojeni, na mkia ukishaingia, sehemu ya protini hujikunja na kuufungia ndani kama komeo. Chengachenga nilizoziona juu ya kigae zilikuwa ni kitendo hicho hicho: bakteria wakishikana kwa kupitia faibrinojeni ya plazma, kwa kukosa ukuta wa kuushika.

Linaloshangaza ni nguvu ya mshiko huo. Kwa jamaa yake wa karibu, Staphylococcus epidermidis, imepimwa kwamba kuichomoa protini moja ya aina hii kutoka kwenye faibrinojeni kunahitaji zaidi ya nanonyutoni 2, nguvu inayokaribia ile ya kukata kiungo cha kikemia chenyewe. Tena mshiko wa kishikizi A huimarika unapovutwa. Mtu aliyefunga mwani anaijua tabia hiyo bila ya kusomeshwa: lipo fundo ambalo maji yakilivuta hulegea, na lipo ambalo maji yakilivuta hujikaza.

Hili lilijitokeza wodini kwa namna ambayo sikuitarajia. Siku ya 3, mgonjwa alimuuliza daktari kijana aliyekuwa akimhudumia, "Mwanangu, dawa mnaitia mshipani, na vijidudu mnasema vimo mshipani. Sasa vinapishana vipi?" Daktari akafikiri kidogo, akamjibu, "Mama, bahari inapita kwenye mwani wako kila siku. Mbona haiuchukui?" Naye akasema, "Si nimeufunga."

Jibu lile lilikuwa sahihi kuliko mwenyewe alivyodhani, maana kamba ipo kweli. Seli za ukuta wa mshipa zina vifuko vilivyoelezwa na Ewald Weibel na George Palade mwaka 1964, na ndani yake imehifadhiwa protini ndefu sana iitwayo faktori ya von Willebrand. Jina ni la daktari wa Ufini, Erik von Willebrand, ambaye mwaka 1926 alieleza ugonjwa wa kutokwa na damu katika familia moja ya visiwa vya Åland. Watu wale walikuwa na upungufu wa kitu hiki, ingawa wakati ule mwenyewe hakukijua. (Sisi watu wa visiwani tuna haki ya kufurahi kidogo kwamba jambo hili nalo lilianzia kisiwani.) Mshipa ukiumia au ukivimba, vifuko hupasuka na protini hutoka, upande mmoja ukibaki umenasa kwenye seli. Katika utulivu hujikunja kama kamba iliyotupwa mchangani. Damu ikiivuta, hunyooka na kufuata mkondo, na sehemu zilizokuwa zimefichwa ndani ya mkunjo hufunuka. Kazi yake ya halali ni kuzinasa chembe sahani ili jeraha lizibike, na mwili una kimeng'enya maalumu cha kuzikata kamba hizo zisirefuke kupita kiasi.

Stafilokoka hutoa protini inayoishika kamba hiyo, na kishikizi A huisaidia protini hiyo kujifunga kwenye ganda la bakteria. Kwa hiyo bakteria anaweza kunasa hata pale ambapo mkondo ni mkali, kwa kuwa mkondo wenyewe ndio unaoinyoosha kamba ya kunasia. Katika vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, ambamo damu huusugua ukuta kwa nguvu ndogo sana ikilinganishwa na ateri zinazoitoa moyoni, kamba zilizonasa ukutani hunyooka pia, kwani kitu kilichofungwa upande mmoja huhitaji mvuto mdogo kuliko kile kinachoelea.

Akishanasa, anajenga. Koagulesi, ile iliyoigandisha tyubu yangu, hujiunga na prothrombini, protini ya kugandisha ambayo kwa kawaida imelala ndani ya damu, na kuiamsha bila ya kuikata, jambo ambalo kwa kawaida mwili haulifanyi; muungano huo huigeuza faibrinojeni kuwa nyuzi za faibrini. Kugandisha huku kulijulikana maabara tangu mwaka 1903, miongo mingi kabla ya mtu kuelewa faida yake kwa bakteria. Faida ni kibanda. Chembe nyeupe zinapofika zinakuta nyuzi za faibrini, yaani kitu cha mwili wenyewe, na bakteria wamejificha nyuma yake.

Kwa nini dawa ilichelewa

Damu ya siku ya 3 iliota. Ya siku ya 5 nayo iliota, ingawa kisahani kilikuwa kimetuhakikishia kwamba kloksasilini inamuua bakteria huyu. Kulikuwa na mazungumzo wodini ya kubadilisha dawa. Sikuona sababu, na nilisema hivyo, kwa kuwa jaribio la kisahani hupima bakteria waliotandazwa juu ya chakula cha maabara, wala halipimi bakteria waliomo ndani ya bonge. Aidha, faibronektini ina njia yake. Protini nyengine za stafilokoka huishika faibronektini, nayo faibronektini hushikwa na integrini, yaani protini za kushikia zilizoko juu ya seli za mshipa. Daraja hilo likikamilika, seli humvuta bakteria na kumwingiza ndani yake, kana kwamba inamkaribisha mgeni kwa sababu amekuja na mtu wa nyumbani. Ndani ya seli dawa za jamii ya penisilini hufika kwa uchache.

Hapo ndipo nilipoikumbuka tyubu iliyoyeyuka. Bakteria anayelitengeneza bonge na kisha kuliyeyusha ana uwezo wa kukaa na uwezo wa kuhama. Sidai kwamba maumivu ya mgongo yalitokana na stafilokinesi peke yake. Bonge lililoambukizwa ndani ya vena linaweza kumeguka kwa sababu nyingi. Lakini nilikuwa nimeuona kwa macho uwezo wa bakteria huyu wa kulifungua bonge lake, na ilikuwa vyema zaidi kama ningeunyanyua mkono wa simu asubuhi ile na kuwaambia wa wodini wautazame ule mshipa kwa ultrasaundi siku hiyo hiyo. Waliutazama siku ya 5. Bonge lilikuwa limeanzia mahali pa kanula na kupita kiwiko. Ultrasaundi ya moyo haikuonesha kitu juu ya vali, na picha ya mgongo ilikuwa safi, ingawa picha ya kawaida ya eksirei huchelewa kuonesha maambukizo ya mfupa na hatukuitegemea.

Siku ya 6 daktari wa upasuaji alikikata na kukitoa kipande cha vena cha sentimita 6. Kililetwa kwetu ndani ya kichupa. Nilipokipasua kwa urefu, ndani yake kulikuwa na bonge la rangi ya udongo lililogandana na ukuta upande mmoja, na upande wa pili usaha. Nilikwangua mahali ambapo bonge lilishikana na ukuta, nikapaka rangi ya Gram. Vichala vya zambarau vilikuwa vimekaa ndani ya nyuzi za waridi, vimepangika kwa kufuata nyuzi, vingi vikiwa karibu na ukuta kuliko katikati. Nimeangalia stafilokoka mara nyingi katika kazi yangu, na karibu mara zote nimewaona wametawanyika ndani ya usaha au wametandaa juu ya sahani. Siku ile nilimwona akiwa kwake.

Damu ya siku ya 7 haikuota, na ya siku ya 9 haikuota.

Limebaki swali la mlango. Je, bakteria waliingia mguuni au waliingia kwa kanula? Kigaga cha mguu kilioteshwa na kutoa bakteria wa jina lile lile, na jedwali la dawa zinazowaua na zisizowaua lilifanana, jambo ambalo si ushahidi kamili kwa kuwa stafilokoka wengi wa mitaani hufanana kwa jedwali. Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa kalenda. Baridi ya kutetemeka ilianza kabla ya sindano yoyote. Kwa maoni yangu mguu ndio uliowaingiza, na kanula ndiyo iliyowapa mahali pa kukaa. Seftriaksoni ya siku 3, ambayo humgusa stafilokoka lakini ni dhaifu kwake kuliko kloksasilini, iliwapunguza waliokuwa wakielea, homa ikashuka, na waliokwisha kujifunga wakabaki. Kushuka kule kwa homa ndiko kulikomfanya kila mtu, mgonjwa mwenyewe akiwemo, aamini kwamba jina la ugonjwa lilikuwa sahihi.

Tofauti na taifodi inafaa kutajwa hapa kwa ufupi. Bakteria wa homa ya matumbo naye hupita katika damu, lakini maskani yake ni ndani ya chembe za kinga za ini, wengu na uboho. Haweki kambi ukutani mwa mshipa kwa namna hii. Ndiyo maana mgonjwa wa taifodi hutibiwa kwa siku 7 hadi 14, na hakuna anayehangaika kumtafutia bonge. Kwa stafilokoka ndani ya damu, hata kisa chepesi hakipewi chini ya siku 14, na siku hizo zinahesabiwa kuanzia damu ya kwanza iliyokuwa safi. Kisa kilichong'ang'ania kama hiki hupewa wiki 4 hadi 6. Mgonjwa wetu alipewa 6, kwa sababu ya mgongo na kwa sababu ya damu ya siku ya 5, na hesabu ilianza siku ya 7.

Wiki hizo hazikuwa rahisi. Kanula mpya ilibadilishwa kila ilipoanza kuuma, na hakuna iliyoachwa mkononi bila ya kazi. Mara mbili aliomba ruhusa arudi nyumbani kwa kuwa bamvua lilikuwa linakaribia na kamba zake zilikuwa zikivunwa na wenziwe, na mara mbili alikubali kubaki baada ya kuelezwa upya. Maumivu ya mgongo yalipungua wiki ya 3 na kwisha wiki ya 5. Alipokuja kuangaliwa miezi 3 baadaye, kovu la upasuaji lilikuwa limefunga vizuri, na juu ya kiwiko kilibaki kipande kifupi cha mshipa uliokauka, kigumu ukikipapasa, kisichouma.